Wenye asili ya Uingereza katika miji ya kaunti ya Utah: idadi au asilimia?

Anayetaka kujua jinsi wakazi wenye asili ya Uingereza walivyotawanyika katika miji ya kaunti ya Utah, iliyo katika jimbo la Utah nchini Marekani, ana njia mbili: kuhesabu watu, au kukokotoa asilimia yao katika kila mji.

Njia ya idadi huupa nafasi ya juu mji mkubwa kama Provo, uliokuwa na wakazi zaidi ya 115,000 katika sensa ya 2020. Humfaa anayepanga huduma, lakini haisemi mengi kuhusu sura ya mji wenyewe.

Asilimia, ambayo naiona kuwa ya haki zaidi, huuweka mji mdogo wa Alpine, wenye wakazi wapatao 10,000, kwenye mizani moja na Provo, na huidhihirisha vizuri zaidi alama ya historia: wamisionari Wamormoni, wafuasi wa kanisa lililoanzishwa Marekani, walifika Uingereza mwaka 1837, wakahubiri katika mji wa Preston, na baadaye maelfu ya waumini wapya wakahamia jimbo la Utah. Hata hivyo, swali la asili katika utafiti wa kila mwaka wa ofisi ya sensa ya Marekani (American Community Survey) huulizwa kwa sampuli ya kaya tu, hivyo katika mji mdogo majibu ya kaya chache huweza kuiyumbisha asilimia. Ndiyo maana miji yenye watu chini ya 65,000 hutegemea makadirio yanayounganisha majibu ya miaka 5 badala ya yale ya mwaka mmoja.

Njia zote mbili hutegemea mtu anavyojitaja. Katika Marekani nzima, waliotaja asili hiyo walishuka kutoka karibu milioni 50 mwaka 1980 hadi chini ya milioni 33 mwaka 1990, tofauti isiyoweza kuelezwa kwa vifo wala uhamaji.