Kabla ya SSD, pima kedi: nilivyoliwa Ngamiani

"Zote zinaingia hizo, dada." Kauli hiyo ya muuzaji wa kedi imenila shilingi 18,000 na safari mbili za bodaboda kwenda Ngamiani, hapa Tanga.

Laptopu yangu ni HP ya mtumba, haina neno ila uvivu wa kuamka. Naiwasha, nabandika chai, chai inachemka, yenyewe bado inazungusha viduara. Draivu ya DVD hata sikumbuki mara ya mwisho niliifungua lini. Nikaamua itoke, nafasi yake ikae diski ya pili. Hapo unatakiwa uwe na SSD ya inchi 2.5, yaani diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na kedi, yaani kile kifremu chenye umbo la draivu ya DVD ambamo diski inachomekwa.

Kuhusu SSD kila mtu atakushauri, hata muuza chipsi. Kuhusu kedi hakuna anayefungua mdomo, na maumivu yote yako huko.

Kedi nyingi zina unene wa milimita 12.7 au 9.5. Niliyouziwa ilikuwa nene, laptopu yangu nyembamba, ikagota mlangoni. Narudi dukani, naoneshwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa maka: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Basi wewe chomoa draivu kwanza. Mara nyingi imeshikwa na skrubu moja tu upande wa chini; fungua, vuta, pima ubavu wake kwa rula ya mtoto wa shule. Au nenda nayo kwenye pochi, uilaze kaunta ubavu kwa ubavu na kedi, muuzaji akiangalia.

Unene ukikubali, bado. Draivu yako ina vitu viwili ambavyo kedi haiji navyo: uso wa plastiki uliokatwa kufuata mkunjo wa laptopu yako, na kibati kidogo cha nyuma kinachopokea ile skrubu. Vyote vinabanduliwa na kuhamishiwa kwenye kedi. Fundi wangu aliviacha kwenye draivu, na draivu akabaki nayo. Kedi ya pili ikaingia vizuri tu, lakini haina cha kuishika. Nikiinua laptopu kwa mkono mmoja, diski inapotea katikati ya kazi. Ubavuni likabaki pengo la kupitisha ukucha, na siku ya tatu nikakuta sisimizi wanaingia kwa mstari. Walifuata nini humo, wakati sukari iko jikoni?

Kwa hiyo kedi yangu namba moja haina jina. Ni yoyote ambayo vijino vya uso wako wa zamani vinang'ata sawasawa, na nyuma ina matundu ya kufungia kibati. Ijaribie pale pale dukani. Akikataa, rudisha pesa mfukoni.

Kosa jingine la fundi: SSD aliitia kwenye kedi, hadidiski, ile diski ya zamani inayozunguka, akaiacha mahali pake, kwenye nafasi kuu. Ilitakiwa kinyume. Kwenye laptopu nyingi za zamani, njia ya draivu ya DVD inaishia gigabiti 3 kwa sekunde, na nafasi kuu inaweza kuwa ya gigabiti 6. Hadidiski haijali, hata ikikimbia mbio zake zote haiijazi njia hiyo. SSD ndiyo inayobanwa. Fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonesha hali ya diski: kushoto kasi inayotumika sasa, kulia kasi ambayo diski inaiweza. Ukisoma SATA/300 | SATA/600, ujue SSD imekaa pabaya, kama nafasi kuu ni ya kasi. Ukiihamishia huko ikawa inacheza kwa wembamba wake, ikabie na kipande cha boksi la dawa ya meno.

Sasa SSD zenyewe. Ya kwanza ni Samsung 870 EVO, na sifichi ushabiki. Ina kumbukumbu yake ya ndani ya kurahisisha kazi, na ile ya GB 250 imepewa dhamana ya miaka 5 au terabaiti 150 za data kuandikwa, kitakachotangulia. Ya pili Crucial MX500, nayo ni ya miaka 5. Ukiikuta kwa bei ya chini sitakugombeza. Kingston A400 ya GB 240 haina kumbukumbu hiyo na dhamana yake ni miaka 3, ila kwa barua na Excel inatosha. Zile zisizo na jina zinazopangwa karibu na chaja, pita.

Dhamana yenyewe huku ni hadithi, nishawaambia kuhusu lile boksi. Na bei! Mzigo unatoka Kariakoo, unashushwa stendi ya Kange, ukifika kaunta umepanda, ukiuliza unaambiwa nauli. Kedi haifikii hata uzito wa nusu mkate. Ingekuwa inakalia kiti dirishani ningeelewa.

Ile ya milimita 12.7 bado iko kwenye droo, haijawahi kuingia popote. Mwenye laptopu nene aje na 10,000, na draivu yake mkononi tupime kwanza.