Gazeti Moja au Wakala: Njia Mbili za Mchora Katuni
Mchora katuni wa Mbeya aliyeajiriwa na gazeti moja huchora kuhusu bei ya viazi huku akipasha vidole kwenye jiko la mkaa, baridi ya Julai ikiwa imekaza, kisha hutuma mchoro Dar es Salaam kwa simu, na kesho yake humkuta muuzaji wa soko la Mwanjelwa akiucheka. Ukaribu huo nauthamini kuliko mshahara wenyewe. Anayesambaziwa kazi na wakala kwa magazeti mengi, kama ilivyozoeleka Marekani, kwa kawaida hugawana naye mapato nusu kwa nusu na hukabidhi michoro wiki kadhaa kabla, hivyo habari ya leo humpita. Lakini hategemei mhariri mmoja: Charles Schulz, Mmarekani aliyechora katuni ya Peanuts, alianza mwaka 1950 katika magazeti 7, na kufikia 2000 yalizidi 2,000.