Uzoefu Wangu: Miezi 18 na Klabu ya Mbio ya Mtaani Kwetu Shangani

Nilijiunga na klabu ya mbio ya mtaani kwetu Shangani, Mtwara mjini, mwezi Mei 2024. Nilikuwa na umri wa miaka 43, na kazi yangu, mpaka leo, ni ukarani katika ghala la korosho, ambako msimu ukifika mtu hukaa kitini tangu asubuhi mpaka giza liingie, akihesabu magunia na kulinganisha stakabadhi. Sikuwa mgonjwa, lakini ngazi za ofisini zilikuwa zimeanza kunikatisha pumzi. Jirani yangu, ambaye namwita shangazi ingawa hatuna undugu wa damu, alinipitia alfajiri moja bila kunieleza kwa kirefu tunakokwenda. Tangu siku hiyo imepita miezi 18, na kwa kuwa watu wengi huniuliza kama ada tunayolipa inalingana na tunachokipata, naeleza hapa niliyoyaona mwenyewe.

Kiingilio ni shilingi 10,000, nacho kinakurudia kwa sura ya fulana ya klabu. Baada ya hapo unalipa shilingi 5,000 kila mwezi. Mazoezi hufanyika mara tatu kwa wiki: Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja na nusu alfajiri, na Jumamosi saa kumi na moja kamili, siku ya mbio ndefu. Katika mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilishwa, mazoezi yakawa mafupi na kusogezwa jioni karibu na kufuturu, ili anayefunga apate maji mara tu anapomaliza. Wanawake tunakimbia na mitandio yetu na suruali ndefu, na hakuna aliyewahi kutuuliza swali juu ya hilo.

Kitu kilichonifanya nibaki ni daftari. Kocha wetu, mwalimu mstaafu ambaye wote tunamwamkia shikamoo kabla ya kupasha misuli, anaweka daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila mwanachama ana kurasa zake humo. Anaandika tarehe, umbali, muda, hali ya hewa, na mwisho wa mstari neno moja unalolisema wewe mwenyewe kuhusu ulivyojisikia. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi husoma majina kwa sauti, lakini hasomi waliokimbia kwa kasi kuliko wengine. Husoma waliopunguza muda wao wenyewe. Bibi mmoja wa miaka 63, mwuza samaki, alianza kwa kumaliza kilomita 5 kwa dakika 52, na miezi minane baadaye akamaliza kwa dakika 44 na sekunde 10. Siku jina lake liliposomwa, vijana wanaokimbia umbali huohuo kwa dakika 19 walisimama na kumpigia makofi, na mimi niliyekuwa nyuma yake kwa dakika tatu nilijua kwamba hapa ndipo mahali pangu.

Daftari hilo lingekuwa bure kama umbali wenyewe ungekuwa wa kukisia, na hapa ndipo uangalifu wa klabu unaponipendeza zaidi. Katika barabara moja tulivu ya Shangani kuna kilomita moja ambayo Mwalimu aliipima kwa baiskeli. Alifunga utepe mwekundu kwenye tairi la mbele, akapima kwa futi ya fundi cherehani mzunguko mmoja wa gurudumu, ambao kwa baiskeli yake ni mita 2.2, kisha akaisukuma taratibu huku watu wawili wakihesabu mizunguko hadi 454 na nusu kidogo. Alirudia mara tatu kwa siku tofauti, kwa sababu tairi likipungua upepo mzunguko wake nao hupungua, na mahali pa mwisho akachora mstari mweupe kwenye jiwe. Hata njia za mashindano makubwa ya dunia hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio, kwa hiyo alichokifanya kina msingi. Simu za mkononi, tulipozilinganisha katika kilomita ileile, zilitofautiana kwa makumi ya mita.

Mtu aliyezoea bara anaweza kudhani kwamba kukimbia ukanda wa bahari ni rahisi kwa kuwa ardhi ni tambarare. Kwangu mimi ugumu ulikuwa hewa. Jasho hupoza mwili linapokauka, si linapotiririka, na katika unyevu wa Mtwara, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, halikauki. Moyo hulazimika kusukuma damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mtu hujiona mzembe siku ambayo kwa kweli ni joto tu. Wiki ya pili nilibanwa na kichomi mpaka nikachutama kando ya barabara. Mwalimu aliinama akaniambia, "Dada, ukishindwa kuzungumza na mwenzako, umekwenda mbio mno." Kwa miezi mitatu sikupewa kazi nyingine yoyote isipokuwa kukimbia huku nikizungumza. Kuhusu maji pia alitufundisha jambo nisilolijua: kunywa maji matupu kupita kiu katika mbio ndefu huzimua chumvi iliyomo katika damu na kunaweza kumhatarisha mtu, kwa hiyo kwenye ndoo yetu ya Jumamosi hutiwa chumvi kidogo, sukari na ndimu.

Sasa nieleze njia ya Mikindani, kwa sababu nadhani ni yenyewe inayowaleta wanachama wapya kila mwaka. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakimbia kutoka mjini mpaka Mikindani, takribani kilomita 10, na kurudi kwa daladala. Walio imara hurudi kwa miguu. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora, kwa kuwa hewa hupoa na upepo wa kusi unakuja mgongoni na ubavuni, na kwa vile mnaelekea magharibi, mwanga wa mapambazuko huanzia nyuma yenu. Mnapita minazi na mibuyu, kisha maji ya ghuba yanaonekana yametulia, na juu ya mji linajitokeza boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Mara ya kwanza nilitumia saa 1 na dakika 22, na kilomita mbili za mwisho nilitembea. Neno nililompa Mwalimu aandike lilikuwa "nimefika". Agosti 2025 nilitumia saa 1 na dakika 4, bila kutembea hata hatua moja. Tukimaliza tunakaa kwa mama lishe mmoja karibu na ufukwe, tukila mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi, na ukweli ni kwamba mambo mengi ya klabu huamuliwa pale na si kwenye vikao.

Msimu wa korosho wa mwaka 2024 ulipoanza Oktoba, nilimweleza Mwalimu kwamba nitaacha mpaka Februari. Hakunilaumu wala hakunibembeleza. Aliniandikia kwenye karatasi ratiba ya dakika 25 kila alfajiri, mara nne kwa wiki, kuzunguka mtaa wangu tu, akanitaka nimletee muda wangu kila Ijumaa. Ratiba hiyo ndiyo iliyoniwezesha kwenda Moshi Februari 2025, siku chache kabla ya Ramadhani, tulipokwenda watu tisa kushiriki nusu marathoni (kilomita 21) ya Kilimanjaro Marathon, mashindano yanayofanyika tangu mwaka 2003. Safari ilikuwa ya siku mbili za basi, kupitia Lindi na Dar es Salaam, na nauli kila mtu alijilipia kwa kuweka akiba kidogokidogo kwa mweka hazina tangu Agosti.

Sisi watu wa usawa wa bahari tulipewa pale somo ambalo barabara ya Mikindani haiwezi kulitoa. Njia ya nusu marathoni hupanda kuelekea Mweka, kwenye miteremko ya mlima, na kupanda huko hakuna kishindo. Ni mwinuko wa taratibu usiokwisha, ambao miguu inautambua kabla ya macho. Mpaka kufika nusu ya njia nilikuwa nimetumia saa 1 na dakika 24. Kurudi ni kuteremka, na nikajikuta ninapita watu walioniacha asubuhi. Nusu ya pili niliimaliza kwa saa 1 na dakika 7, nikavuka mstari kwa jumla ya saa 2 na dakika 31. Shangazi alimaliza kwa saa 2 na dakika 58, akaingia uwanjani akiwa ameshika mtandio mkononi kama bendera. Wote tisa tulimaliza. Kijana wetu mwenye kasi kuliko wote alitumia saa 1 na dakika 16, hakuwa karibu na zawadi yoyote, lakini alikuwa amepunguza dakika nne, na jina lake lilisomwa Mtwara Jumamosi iliyofuata pamoja na yetu.

Siwezi kuacha kuutaja usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025. Marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia ya Tokyo ilianza saa saba na nusu usiku kwa saa zetu, na zaidi ya wanachama 20 tulikusanyika sebuleni kwa mweka hazina. Mtanzania mwenzetu Alphonce Felix Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyompa Simbu ushindi, tofauti ikiwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Tulilia. Kesho yake Jumanne, siku ya mazoezi ya kasi, walijitokeza watu wengi kuliko siku yoyote niliyowahi kuiona, na Mwalimu, ambaye kabla ya hapo aliandika dakika nzima tu kwa wanaoanza, akaanza kutuandikia sekunde sote.

Yapo yanayohitaji kurekebishwa. Barabara ya Mikindani ndiyo barabara kuu ya kuelekea Lindi, na malori huanza kupita kabla ya mapambazuko. Mwaka mzima tulikimbia gizani bila fulana za kuakisi mwanga, mpaka siku dereva wa bodaboda alipokaribia kumgonga mwenzetu. Sasa zimenunuliwa sita kwa watu zaidi ya 30, na mimi naona hazitoshi hata kidogo. Mwalimu akisafiri au akiugua, mazoezi ya kasi hayafanyiki, kwa sababu hakuna aliyeandaliwa kumshikia nafasi. Na Jumamosi tunachelewa kuondoka, wakati mwingine kwa dakika 20 nzima, tukimsubiri mwenye funguo za chumba cha ndoo. Dakika hizo ni za thamani, kwa kuwa mwezi wa Desemba jua linakuwa limechomoza kabla ya saa kumi na mbili, na ukichelewa unazilipa njiani kwa joto.

Pia klabu iwe makini zaidi inapochagua mashindano ya nje. Tulipelekwa kwenye mbio moja za hisani katika mkoa mwingine, ambako maji yalikwisha kwenye kituo cha pili, na njia iliyotangazwa kuwa ya kilomita 10 ilikuwa fupi kwa zaidi ya nusu kilomita. Vijana wetu watatu walirudi wakifurahia rekodi. Mwalimu aliwaita pembeni mmojammoja, akawaeleza, na hakuziandika. Iliuma, na mmoja wao hakuonekana mazoezini kwa wiki mbili, lakini naamini alifanya haki, kwa sababu rekodi aliyoiweka kijana huyo mwezi uliofuata kwenye njia tuliyoipima wenyewe hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Kwa anayetafuta ubingwa na ana umri mdogo, ningemwambia ajiunge ili ajenge msingi, kisha atafute kocha wa kumwendeleza zaidi, kwani klabu hii haina vifaa vya mazoezi ya nguvu wala mtaalamu wa viungo. Kwa mwenye shinikizo la damu au sukari, apite kwanza hospitalini. Mwalimu mwenyewe humrudisha mtu asiyejibu swali hilo vizuri. Kwa mtu kama mimi wa mwaka 2024, mwenye kazi ya kukaa na muda mchache, sijaona mahali pengine mjini hapa ambapo shilingi 5,000 humfikisha mtu mbali kiasi hiki.

Wiki mbili za mwanzo hulipi chochote. Njoo Jumanne au Alhamisi na raba zenye soli nzima, si lazima ziwe mpya, na ufike dakika kumi kabla ili Mwalimu akufungulie ukurasa wako.