Viatu na Brashi za Kalingi ya Wawili Mchanganyiko: Anza na Viatu

Kama una pesa ya kununua kifaa kimoja tu kizuri cha kalingi, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu kuelekea shabaha, nunua viatu, brashi ifuate baadaye. Dukani utavutwa na brashi ya kaboni, na kwa timu ya watu wanne mvuto huo una mantiki, maana wapo wachezaji ambao kazi yao kubwa ni kufagia barafu mbele ya jiwe ili lifike mbali. Katika wawili mchanganyiko, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, mambo yanageuka.

Mwenzako anasimama upande wa pili kwenye nyumba, yaani yale maduara ya shabaha, akikuonyesha mstari kwa brashi yake. Ukishaliachia jiwe, mara nyingi ni wewe mwenyewe unayeinuka, unalifukuza na kulifagia. Jiwe la kutua nyumbani hutumia takriban sekunde 14 kutoka mstari mmoja wa hogi, yaani mistari miwili inayokata uwanja mbele ya kila nyumba, hadi mwingine kwenye barafu nzuri, na zile za mwanzo huishia kwenye kuinuka tu. Mchezo una raundi 8. Katika kila raundi mmoja hurusha jiwe la kwanza na la tano, mwenzake la pili, la tatu na la nne. Anayebaki na yale ya katikati mchezo mzima atachuchumaa na kuinuka mara 24. Hapo ndipo kiatu kinapolipa gharama yake.

Kiatu cha kalingi ni cha miguu miwili isiyofanana. Anayerusha kwa mkono wa kulia huvaa slaida, soli ya tefloni inayoteleza, mguu wa kushoto, na soli ya mpira inayoshika barafu, yaani gripa, mguu wa kulia. Unene wa tefloni ndio kasi: milimita 1.6 ni ya anayejifunza, 3.2 ni ya klabu, 4.8 ni ya mashindano, na 6.4 ndiyo ya kasi kuliko zote hizo. Kwa wawili mchanganyiko tunapendekeza 4.8. Ile ya 6.4 huteleza vizuri sana wakati wa kurusha, lakini wakati wa kuinuka mguu wa kushoto hukimbia kabla gripa haijauma barafu. Mwili unapinda kuelekea kwenye jiwe, na hatari ni kuligusa: jiwe linalotembea likiguswa na timu yake kati ya mistari miwili ya hogi, huondolewa mchezoni papo hapo. Mwenye mapaja imara na misimu kadhaa ya mazoezi ataimudu 6.4. Mwingine asijitese.

Chagua kiatu chenye slaida ya vipande viwili, cha mbele na cha kisigino, vinavyobandikwa na kubanduka. Barafu zinatofautiana kati ya ukumbi na ukumbi, na kubadilisha vipande ni rahisi kuliko kubeba jozi mbili. Kabla ya kulipa, vaa, chuchumaa kabisa na uhamishie uzito wote kwenye mguu wa slaida: kisigino kikicheza ndani ya kiatu, namba hiyo ni kubwa mno. Angalia pia ncha ya kiatu cha gripa. Huo ndio mguu unaoburutwa nyuma wakati wa kurusha, kwa hiyo ncha inahitaji kupakwa tabaka gumu linaloteleza. Bila hilo, mguu unakwama na kuupindisha mwili nje ya mstari.

Kuna kifuniko cha mpira cha kuvalisha juu ya slaida ili mtu atembee salama. Ukimfagilia mwenzako, kivae. Ukifagia jiwe lako mwenyewe, hakuna muda wa kukivaa. Itabidi usukume kwa gripa na uteleze kwa slaida. Basi gripa iwe mpya. Mpira uliozeeka unakauka na kumwaga chembe, na chembe moja chini ya jiwe inatosha kulipotosha. Pitisha kidole kwenye soli: kikitoka na unga mweusi, badilisha. Na usivae viatu hivi nje hata kwa hatua mbili. Mchanga unachuna tefloni.

Sasa brashi. Mpini wa kaboni ni mwepesi na haupindi, kwa hiyo nguvu ya mabega inafika kwenye barafu. Wa fiberglasi hunesa na kumeza sehemu ya nguvu hiyo, lakini ni nafuu na unatosha kwa msimu wa kwanza. Kwa anayelenga mashindano ya kimataifa, jambo zito zaidi ni kichwa cha brashi. Msimu wa 2015 ulizuka mzozo mkubwa: vitambaa vikali vilikuwa vinakwaruza barafu kiasi kwamba wafagiaji waliweza kuliongoza jiwe watakako. Baada ya majaribio yaliyofanyika Kanada mwaka 2016, shirikisho la kalingi la dunia liliruhusu kitambaa cha aina moja, kile cha njano. Kwa hiyo kichwa kisicho kwenye orodha ya shirikisho kitakufaa mazoezini tu, hata kiwe kizuri namna gani. Hakikisha orodha ya msimu husika, maana hata ugumu wa sponji iliyo chini ya kitambaa umeleta mjadala.

Kosa linaloonekana sana kwa wanaoanza ni kurusha huku kitambaa kikigusa barafu. Wakati wa kurusha brashi ni mhimili wa mkono wa pili. Geuza kichwa ili mgongo wake wa plastiki uwe chini. Kitambaa kinaburuta, kinalowa, na kinapofika zamu ya kufagia hakifai kitu.

Mawe usiyawazie. Ni ya ukumbi, ya matale, yenye kilo kati ya 17.24 na 19.96.

Uamuzi wetu: viatu vya slaida ya 4.8 yenye vipande viwili kwanza, gripa ya akiba ndani ya mkoba, kisha brashi ya kaboni yenye kichwa kilichoidhinishwa na vitambaa viwili vya ziada. Anayecheza kujifurahisha mara moja kwa wiki aazime brashi ya klabu na anunue slaida ya kuvalisha juu ya raba zake safi.