Tahadhari: dalali wa vyumba Be'er Sheva anayekuita "mdogo wangu"

Kama una barua ya chuo mkononi, viza iko njiani, na kuna "kaka" amekuahidi chumba Be'er Sheva, Israel, kwa shekeli 850 kwa mwezi ukimlipa kwa simu ukiwa bado nyumbani, usitume hela. Kama umeshatuma nusu, hiyo nusu iliyobaki kaa nayo. Mimi nilituma yote, shilingi 1,400,000, na chumba nilicholipia anaishi bibi mmoja wa Kirusi ambaye hajawahi kukipangisha kwa mtu yeyote.

Nilijiapiza nisiandike kwa sababu ya aibu. Nimesoma, nimefanya kazi ofisini miaka mitatu, nimewahi kuwacheka waliotapeliwa kwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kilichonibadilisha nia kitakuja mbele.

Nilimpata kwenye grupu la wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaokwenda nje. Chuo kilikuwa kimeniambia chumba cha bwenini kitapatikana baada ya sikukuu, nami sikujua sikukuu za huku zina uzito gani. Kuanzia Rosh Hashanah, ikija Yom Kippur, mpaka Sukkot iishe, ni karibu mwezi mzima ambao ofisi zinafunguliwa leo, kesho zimefungwa, na ukiuliza unajibiwa "acharei hachagim", baada ya sikukuu. Nikaandika kwenye grupu: jamani, nani anajua chumba cha wiki tatu au nne? Haikupita robo saa, mtu akaingia inboksi.

Namba yake ilianza na +972, kwa hiyo nikajua yuko Israel. Sasa naelewa kwamba namba ya WhatsApp ya nchi yoyote inapatikana bila mwenyewe kukanyaga nchi hiyo. Alisema yeye ni Mtanzania, yuko huku miaka sita, anasimamia vyumba vya mzee mmoja wa Kiyahudi. Aliongea vizuri jamani. Pole pole, na heshima, na vicheko vidogo. "Mdogo wangu, huku usipokuwa na mtu wako utalala stesheni na begi lako." Mama alisikia sauti ile nikiwa jikoni, akasema huyu kijana amelelewa.

Picha zilikuwa safi: jiko jeupe, kitanda, na dirisha zito la chuma. Akaeleza kwamba chumba chenyewe ndicho mamad, yaani kile chumba cha zege cha kujikinga na makombora ambacho nyumba mpya za huku zinajengwa nacho. Hapo alinishika. Nani asingetaka chumba cha namna hiyo, tena Be'er Sheva, na habari zote tunazozisikia? Mama ndiye aliyeniambia nisichelewe, kisije kikachukuliwa.

Halafu hesabu. Kodi ya mwezi mmoja shekeli 850, dhamana 850, na 300 za "mkataba". Jumla 2,000. Mwenzangu uliyepanga Dar utanielewa: pale tumezoea kulipa miezi sita kwa mkupuo na mwezi mmoja wa dalali juu yake, na hata hela ya kuoneshwa nyumba tunatoa. Mtu anayetaka mwezi mmoja na dhamana tu nilimwona malaika. Kumbe kwa huku alichonidai kilikuwa kidogo mno. Wenye nyumba wengi wa Israel wanataka hundi za dhamana, au mtu wa kukudhamini mwenye kazi na akaunti ya benki ya hapa hapa, na ni jambo linalowatesa kweli wanafunzi wageni. Yeye hakugusia kabisa habari ya mdhamini.

Nikalipa mara mbili, laki saba na laki saba, kwa namba ya Tanzania. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikauliza. Akacheka: "Huyo shemeji yako, yuko likizo huko, mimi namtumia hela za matumizi kwa njia hiyo hiyo, tunaokoa makato." Nikaona ina mantiki. Tena nikaona ni busara!

Akanitumia mkataba wa kurasa nne kwa Kiebrania, una muhuri na sahihi. Niliuangalia kama mtu anavyoangalia hirizi. Wiki mbili baadaye mwanafunzi mwenzangu aliusoma, akatulia, akaniuliza kwa upole kama nimekodi gari. Ulikuwa mkataba wa kukodisha gari. Neno rekhev, gari, limo humo mara kumi na moja, tumelihesabu pamoja. Simu yangu ingeweza kunitafsiria ukurasa ule kwa kamera ndani ya dakika moja, na wala sikufikiria.

Ndege ya kutoka Addis Ababa ilitua Ijumaa alfajiri. Kwenye dirisha la pasipoti dada wa uhamiaji akaniuliza nitakaa wapi, nikamsomea anuani yote, mtaa, namba ya nyumba, namba ya mlango, kwa sauti ya mwenye nyumba. Nikapanda treni, nikabadilisha Tel Aviv, behewa limejaa wanajeshi vijana wanaorudi kwao wikendi, wamelala midomo wazi na bunduki mapajani. Tulikubaliana atanipokea stesheni ya chuo kikuu. Nilikaa kwenye benchi saa moja na nusu. Ujumbe wangu kwake ulikuwa na tiki moja. Nikapiga, haiiti.

Nikachukua teksi mpaka mtaani. Shchuna Dalet, wanafunzi wengi wanapanga huko, magorofa ya zamani ya ghorofa nne bila lifti, matangi ya maji na sola juu ya paa, nguo zimeanikwa madirishani. Nililiangalia lile jengo kutoka chini na kitu kikanicheza tumboni kabla sijapanda hata ngazi moja. Mamad zilianza kulazimishwa kwenye ujenzi baada ya vita ya Ghuba ya 1991. Jengo hili lilikuwa na umri wa baba yangu. Halikuwa na dirisha la chuma hata moja.

Bibi alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Nyuma yake kitunguu kilikuwa kinakaangwa. Hakujua Kiingereza, mimi sikujua Kirusi wala Kiebrania, nikamwonesha anuani kwenye simu. Akaisoma, akaniangalia, akaliangalia begi, kisha akafanya kitu ambacho sitakisahau: akainua vidole viwili. Nilidhani ananiambia nisubiri dakika mbili. Akampigia mjukuu wake, akanipa simu, na yule kijana akaniambia kwa Kiingereza: "Bibi anasema wewe ni wa pili."

Aliniketisha, akanipa chai kwenye glasi. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana wa Ijumaa. Kwa ambaye hajafika huku: Ijumaa ofisi za chuo hazifanyi kazi, na alasiri mabasi na treni vinasimama, maduka yanashusha milango, mpaka Jumamosi usiku Sabato inapoisha. Kama unataka kumwacha mtu peke yake ugenini, hiyo ndiyo saa ya kuchagua, na sidhani kama yule jamaa hata alijua. Mratibu wa wanafunzi wa kigeni alipokea simu yangu ya tatu, Mungu ambariki, na kabla jua halijazama nilikuwa kwenye sofa la dada mmoja kutoka Eldoret. Nililala pale mpaka bweni lilipofunguka.

Jumamosi hapakuwa na pa kwenda, basi nikakaa kuzisikiliza sauti zake zote upya kwa spika za masikioni. Ya nne, ile anayonihakikishia kwamba "huku Be'er Sheva leo jua kali", nyuma yake, mbali kidogo, kuna konda wa daladala ya Dar anaita: "Rangi Tatu, Rangi Tatu, Mbagala!" Dada wa Eldoret hakuelewa kwa nini nimeanza kucheka vile, akadhani nimechanganyikiwa.

Ukishajua, mengine yanajipanga yenyewe. Mwanzoni nilitaka kufika Jumamosi, na aliniambia hakuna shida, panda treni ya saa mbili asubuhi. Hakuna treni ya Jumamosi asubuhi Israel, na mtu aliyekaa huku hata mwezi mmoja hawezi kukosea hilo. Alikuwa akiniita "achi" kila sentensi, nikafurahi kwamba ananifundisha Kiebrania. Achi ni kaka yangu. Mimi ni mwanamke, na nilikuja kulijua hilo darasani wiki ya kwanza ya ulpan, kozi ya Kiebrania. Aliponiambia kuna na shekeli 500 za arnona, za kulipwa kabla sijaingia, ni kwa vile tu hela ziliisha ndiyo maana sikutuma. Arnona ni kodi ya manispaa, bili yake kwa kawaida inakuja kila baada ya miezi miwili na inalipwa manispaa. Haipitii kwa shemeji wa mtu.

Nyumbani kaka yangu alikwenda kituoni, akafungua kesi, akapewa RB, namba ya kesi ya polisi. Hela ilikuwa imetolewa siku ile ile. Inawezekana kabisa huyo mwanamke mwenye jina hajui kwamba kuna laini inatembea kwa kitambulisho chake, kwa hiyo sitaliandika hapa, na nawaomba waliolipata kwangu wasilisambaze. Huku nilikwenda polisi Jumapili, ambayo ndiyo siku ya kwanza ya kazi, wakaandika maelezo. Lakini hela imetoka simu ya Tanzania kwenda simu ya Tanzania. Huku hakuna cha kukamata. Ndiyo akili yenyewe ya mchezo huu: mali inaibiwa nchi moja, kilio kinasikika nchi nyingine.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki iliyopita mjukuu wa bibi alinipigia, namba yangu alibaki nayo. Wa tatu alikuwa mlangoni. Nilikwenda mwenyewe kumchukua. Kijana wa Kenya, begi moja na mfuko wa unga wa ugali, amelipa karibu shilingi 70,000 za kwao kwa namba ya Nairobi, kwa hiyo jamaa ana mtu na upande huo. Jina alilopewa ni jingine, picha ya wasifu nyingine, +972 nyingine. Tukacheza sauti yake na yangu, moja baada ya nyingine. "Mdogo wangu, huku usipokuwa na mtu wako utalala stesheni na begi lako." Pumzi ile ile, kicheko mahali pale pale. Anaisoma, au ameikariri.

Ndiyo maana sihangaiki kuwapa namba, ameshaitupa. Mshikeni kwa tabia: anuani ya Shchuna Dalet, mamad kwa shekeli 850 (vyumba nilivyoviona mimi mwenyewe baadaye mtaa ule, vya kushirikiana nyumba na wenzako, vilianzia 1,300, tena bila mamad), na malipo ya nyumbani kwa sarafu ya nyumbani. Na kuna toleo jipya. Yule kijana anasema alishaanza kuuziwa "kibali cha kazi za hoteli Eilat kwa wanafunzi", milioni mbili za Kitanzania. Viza ya mwanafunzi, A/2, haitoi ruhusa ya kufanya kazi. Ukilipia hicho kibali unapoteza hela, na ukienda nacho kazini unaweza kupoteza na viza.

Kama bado unatafuta chumba, mimi ningefanya hivi sasa: ningelala wiki ya kwanza hosteli au kwa mwanafunzi, ningetafuta kwa miguu. Kama lazima ushike chumba ukiwa mbali, taka simu ya video ya papo hapo, mwambie afungue dirisha akuoneshe barabara, kisha ashuke akuoneshe jina la mtaa kwenye kibao. Muulize jina kamili la mwenye nyumba, kwa sababu hati ya umiliki, nesach tabu, mtu yeyote anaweza kuiagiza kwenye mtandao wa serikali kwa ada ndogo, na mwanafunzi yeyote wa hapa atakusomea. Wangu angeshindwa kwenye dirisha.

Ambaye ameshatuma: piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, wakati mwingine hela inakutwa bado imekaa. Kwa Tanzania tuma namba yake kwenda 15040, kisha nenda ukachukue RB. Usimtukane, usimwambie umeshtuka, usifute mazungumzo. Akikublock sauti zinabaki kwako, na mimi nazikusanya. Nina zangu na za yule kijana wa Kenya. Wa kwanza, yule aliyefika kwa bibi kabla yangu, hatujampata bado. Bibi anakumbuka tu kwamba alikuwa binti mrefu, amevaa koti la bluu, na aliondoka bila kunywa chai. Kama ni wewe unasoma, niandikie.