Studio iliyompausha bibi wa muheme

Kama unataka passport size ya haraka, nenda tu. Wanaijua, na bei haiumizi. Lakini kama una picha uliyoitolea jasho, usiwape. Naandika nikiwa bado na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Miezi kadhaa nyuma nilipeleka kusafisha picha ya bibi mmoja wa Chamwino, mpiga muheme, ile ngoma ya Wagogo. Ameibana ngoma katikati ya mapaja, mikono yote miwili iko hewani, vumbi linapanda nyuma yake na jua la jioni linampiga upande mmoja wa uso. Upande wa pili ni kivuli, na kivuli kile ndiyo picha yenyewe. Ngozi nyeusi tii inang'aa kwa jasho, mikunjo ya shavu unaweza kuihesabu. Nilipunguza mwanga makusudi, maana ukiiacha kamera ijiamulie, ikikuta weusi mwingi inaongeza mwanga, na anga lote linaungua.

Niliitaka saizi ya A2, nimpelekee mwenyewe. Kijana wa kwenye kompyuta akasema nimrushie WhatsApp. Nikamwambia hapana, WhatsApp inaibana picha, kwa saizi hiyo itatoka na ukungu, flashi hii hapa. Akaipokea kama vile namsumbua.

Jioni nafuata mzigo, nakuta bibi mweupe! Uso umelainishwa, mikunjo hakuna, kivuli kimefutwa, na anga limetiwa bluu ambayo kwenye vumbi lile la kiangazi haikuwepo kabisa. Nikauliza nani kakwambia uiguse? Hakuinua hata macho. "Kaka, nimekusaidia hapo. Alikuwa mweusi mno, hakuna mteja anayependa hivyo."

Nimekusaidia! Damu ilinichemka. Kodak kwa miaka mingi walipima rangi za filamu kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizoitwa Shirley, na watu weusi wakawa wanatoka vibaya. Hao walikuwa mbali na hawakutuwaza. Lakini huyu ni kijana wa hapa hapa Dodoma, anakutana na kina bibi wa hivi kila siku sokoni Majengo, halafu anauona weusi wao kama kosa la kurekebisha. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hela.

Nisiwaonee lakini. Mwenye studio alipofika alinisikiliza, akaagiza irudiwe bila kuguswa, na hiyo ya pili, jamani, ilitoka. Weusi ulikaa weusi, karatasi nzito isiyong'aa, jasho la kwenye paji la uso unaliona. Bibi alipoipata aliipitishia kiganja taratibu pale kwenye ngoma, akacheka, akaita wajukuu. Nikasema yameisha, nitawapa nyota nne.

Juzijuzi rafiki yangu ananitumia kiungo. Ukurasa wao wa Instagram, bibi yule yule, ile iliyopaushwa, nembo yao imegongwa kifuani pake. Chini wameandika "Kazi zetu". Jina langu hakuna. Mimi mwenyewe sijawahi kuiweka popote, kwa sababu bibi alisema hataki kuonekana mtandaoni na nikamkubalia. Sasa anaonekana, tena kwa sura isiyo yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda picha kama inavyolinda wimbo au kitabu, na kulipia karatasi na wino hakumfanyi mwenye mashine kuwa mwenye picha. Wapiga picha wenzangu, andikeni hilo kwenye oda kabla hamjaacha flashi zenu.

Nimewaandikia. Tiki za bluu zipo, jibu hakuna, na mwenye studio hapokei simu. Nyota nne nimezifuta. Naacha moja kwa ajili ya ile karatasi, na picha ya bibi isipotoka wiki hii hata hiyo naiondoa.