Begi la kupanda mlima nililoligeuza kuwa begi la kamera: uzoefu wangu

Mtu anayetafuta begi la kusafiri na kamera aghalabu huanza kwa kuhesabu mifuko na kubonyeza sponji, ilhali mimi ningemshauri aanze na mzani. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida kuingia na kilo 7 tu za mkononi, na vifaa vyangu vya safari si vyepesi: kamera mbili za Canon EOS R6 Mark II zenye gramu 670 kila moja, lenzi ya milimita 24-70 yenye gramu 900, na lenzi ndefu ya 100-500 yenye gramu 1,370 hivi ikivuliwa mguu wake wa kufungia stendi. Hivyo pekee ni kilo 3.6. Ukiongeza laptopu, chaja, betri na diski ya kuhifadhia picha, unavuka kilo 5 kabla hujaliweka begi lenyewe kwenye mzani. Mabegi ya kamera yenye kuta ngumu, yale yanayopendeza sana dirishani, mengine hukaribia kilo 3 yakiwa matupu, kwa hiyo mwenye vifaa kama vyangu anakuwa amezidisha uzito kabla hajatia hata shati.

Kwa sababu hiyo nilinunua begi la kawaida la kupanda mlima, la lita 35, katika mitumba ya Karume, Ilala, kwa shilingi 45,000 baada ya kupatana sana, kisha nikaagiza kisanduku cha sponji chenye vigawanyo, kile kinachouzwa peke yake ili kitumbukizwe ndani ya begi lolote. Begi lina kilo 1.1 na kisanduku nusu kilo. Mpango huu si ugunduzi wangu, kwani kampuni ya f-stop imekuwa ikiuza mabegi na visanduku vyake vya ndani kwa namna hiyo kwa miaka mingi. Nilichofanya ni kuufuata kwa bei ya mfuko wangu.

Anayetaka kununua begi la mtumba alichunguze ndani kabla ya kulisifia nje. Kitambaa cha mabegi haya kimepakwa upande wa ndani utando wa kuzuia maji, na utando huo huoza kwa unyevu na umri, hasa kwa begi lililokaa limekunjwa stoo kwa miaka. Ingiza mkono mpaka kwenye kona za chini, bonyeza kwa kidole gumba: kikinata, au ukitoa mkono na magamba meupe yenye harufu kali, liache hapo hapo hata kama muuzaji ameshusha bei mara tatu. Kisha ivute kila zipu ukiwa umelijaza begi nguo, kwa sababu zipu iliyolegea hufungika vizuri begi likiwa tupu na huachia meno nyuma ya kichwa cha kuvutia likijaa. Langu lilikuwa na zipu ngumu tu, nikazipaka nta ya mshumaa, na tangu hapo zinateleza bila taabu.

Sifa iliyonifanya nilichague miongoni mwa mengi yaliyokuwa yametandazwa pale ni kwamba linafunguka upande unaolalia mgongo. Ukilivaa, hakuna anayeweza kufikia kamera bila kukuvua begi lenyewe, jambo ambalo kwenye msongamano wa bandari ya Dar es Salaam wakati wa kupanda boti ya Zanzibar lina thamani kuliko kufuli. Aidha, ukilitua kwenye tope au mchanga, uso unaochafuka ni ule wa nje, na mikanda unayoivaa inabaki juu, mikavu. Kwenye daladala hakuna mjadala, utaambiwa tu, "Kaka, begi lipakate," na begi laini hupakatika vizuri kuliko lenye kuta ngumu, ambalo humchoma jirani mbavuni. Faida nyingine ambayo sikuitarajia ni kwamba halifanani kabisa na begi la kamera. Limepauka, lina kiraka, na wabeba mizigo hawaligombanii.

Mbugani ndipo mpango huu unaponiridhisha zaidi. Barabara inayotoka Ngorongoro kuelekea lango la Naabi la Serengeti ina vumbi jepesi kama unga na mawimbi yanayotikisa gari muda wote, mtikisiko unaoweza kulegeza skrubu ndogo za lenzi. Mimi huliacha begi nyuma ya gari, nikakitoa kisanduku peke yake, nikakiweka kwenye kiti cha pembeni yangu na kukifunika kwa kanga iliyokunjwa mara mbili. Kanga huinuliwa kwa mkono mmoja, kamera ikatoka, kanga ikarudi. Hakuna zipu ya kuchanua meno yake katikati ya vumbi wala kelele ya velkro ya kumshtua mnyama. Usiku kisanduku kinapanguswa, kanga inakung'utwa mbali na vifaa.

Kwa ndege ndogo za mbugani, ambazo kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria pamoja na begi la mkononi na hutaka mabegi laini yanayobonyea, halijawahi kunipa shida. Nimejiwekea utaratibu mmoja: betri zote za akiba na pawabenki hukaa kwenye kifuko kidogo juu kabisa ya begi. Betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa haziruhusiwi kwenda na mizigo ya chini, na siku mhudumu anapolichukua begi mlangoni mwa ndege kubwa kwa sababu kabati zimejaa, nachomoa kifuko hicho bila kupekua. Kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100 kwa betri. Pawabenki ya mAh 20,000 huwa na wati-saa 74 hivi, ile ya mAh 30,000 huvuka kikomo hicho.

Kasoro zipo. Kupiga picha ya haraka barabarani ni kazi, kwa kuwa hakuna mlango wa pembeni wa kuchomolea kamera. Lazima ulivue begi, au ulizungushe tumboni likining'inia kwenye mkanda wa kiuno, jambo linalohitaji mazoezi. Halikuwa na mahali pa laptopu, fundi cherehani akanishonea mfuko wenye sponji nyembamba ambao umenifaa, ingawa si sawa na wa kiwandani. Mgongo hutoka jasho kwelikweli kwenye joto la pwani. Pia lilikuja bila kifuniko cha mvua, na kile nilichonunua baadaye kinalitosha kwa kubana. Zamani mtu angejiokoa kwa rambo kubwa, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo kifuniko cha kitambaa si anasa tena.

Kwa wakazi wa pwani kuna la kuongeza: sponji hunyonya unyevu na kukaa nao, na lenzi inayolala humo wiki nzima huota ukungu kwenye vioo. Nikirudi nyumbani, vifaa huhamia kwenye chombo cha kufunga chenye pakiti za kukausha unyevu, kisanduku kikaanikwa wazi kivulini.

Mpiga picha wa harusi mwenye taa, stendi na lenzi tano, begi hili halimfai. Huyo atafute sanduku la magurudumu na gari la kulibeba. Anayesafiri na kamera mbili na lenzi mbili, kwa ndege leo na kwa bodaboda kesho, atapata humu nafasi ya vifaa hivyo, sweta na chupa ya maji.